Msaidizi wa Milimani Akikabidhiwa Timu

Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halina ubishi. Anayekanyaga kila asubuhi kutoka Pongwe mpaka Ngamiani na mzigo kwenye keria anajua jambo ambalo mtazamaji wa mbio za Ulaya hulisahau upesi: mlima ni kazi, lakini upepo, jua na njaa navyo ni kazi, na aghalabu ndivyo vinavyomaliza miguu kabla mlima haujafika. Ndiyo maana swali linalorudi kwenye vijiwe vya mafundi kila Julai, Tour de France inapoanza, linastahili jibu refu kidogo. Yule msaidizi anayewavuta wenzake mlimani mpaka kundi zima linabaki watu wanne, kwa nini asikabidhiwe timu yeye mwenyewe?

Anaweza kushinda. Imeshatokea. Lakini wengi wao hawawezi kuongoza mwaka baada ya mwaka, na sababu haiko mlimani. Ule wepesi tunaouona kwenye mwinuko, msaidizi ameununua kwa dakika alizozitupa siku nyingine, siku ambazo kamera haikuwa na habari naye. Kiongozi haruhusiwi kutupa hata moja.

Tuitazame kazi yenyewe kwanza. Mbio kubwa za wiki tatu, yaani Giro ya Italia, Tour ya Ufaransa na Vuelta ya Hispania, zina hatua 21 na kwa kawaida siku 2 za mapumziko, na mshindi ni yule mwenye jumla ndogo kuliko wote ya muda wa hatua zote. Tangu 2018 kila timu inaingiza watu 8. Kati ya hao wapo wa kukata upepo kwenye tambarare, wapo wa kurudi kwenye gari kuchukua maji (chupa nane za nusu lita ni kilo 4, zote zimesokomezwa ndani ya jezi, na bado anatakiwa alifukuzie kundi), halafu wapo wawili au watatu wa milimani. Yule bora kuliko wote hutunzwa kama yai mpaka mlima wa mwisho. Hapo, pengine kilomita 8 kabla ya kilele, anashika mbele na kuvuta dakika 12 au 15 kwa kasi moja isiyopanda wala kushuka. Shabaha yake ni kuwanyima wapinzani pumzi ya kuchomoka. Zikibaki kilomita 3 anasogea pembeni, miguu imekwisha, anamalizia taratibu na kupoteza dakika mbili au tatu. Hakuna anayemdai.

Kwa kiongozi aliyekuwa nyuma yake, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kuanzia pale watu wanachomoka, wanatulia, wanachomoka tena. Kila mchomoko ni sekunde 20 mpaka 40 za nguvu kubwa mno, na unakuja wakati moyo tayari uko juu. Mtu anaweza kutoa wati 390 kwa robo saa bila kutetereka, kisha akashindwa kuitikia michomoko mitano ya wati 550. Hizi ni nguvu mbili tofauti na zinafunzwa mbalimbali. Tunapomwona msaidizi "amewaacha" viongozi wa timu nyingine huku akivuta, tukumbuke kwamba wengi wao walikuwa wanajibakizia.

Halafu kuna hesabu ya hewa, ambayo nadhani ndiyo inayowadanganya watu zaidi. Chukua mpandaji wa kilo 65 mwenye baiskeli na vifaa vya kilo 8 (kanuni hairuhusu baiskeli yenyewe iwe chini ya kilo 6.8). Akitoa wati 390 kwenye mwinuko wa asilimia 8, anapanda kwa takriban kilomita 20 kwa saa, na katika wati hizo hewa inakula chini ya sehemu moja ya kumi. Nyingine karibu zote zinapambana na uzito. Kujificha nyuma ya mwenzako hapo kunakuokolea kidogo tu. Sasa mlete mtu huyohuyo kwetu, apande kutoka Mombo kwenda Lushoto. Ile barabara ni kama kilomita 33 na inapanda karibu mita 1,000, kwa hiyo wastani wake ni asilimia 3. Kwa wati zilezile atakwenda zaidi ya kilomita 30 kwa saa, na hewa itakula zaidi ya theluthi ya nguvu yake. Anayekaa kwenye gurudumu la nyuma pale anafaidi kwelikweli. Kwa hiyo mlima wa wastani, unaopandwa kwa kasi, unampa kiongozi faida kubwa kutoka kwa msaidizi wake. Mlima mkali unamwacha kila mtu na miguu yake. Msaidizi anayeng'ara kwenye kuta za asilimia 10 ana dalili nzuri zaidi za uongozi kuliko yule anayeng'ara kwenye mwinuko mrefu wa asilimia 4, hata kama wati zao kwenye karatasi zinafanana.

Mpaka hapa bado tuko mlimani. Deni kubwa liko kwingine.

Katika wiki tatu kuna hatua kadhaa za tambarare ambazo huishia kwa wakimbiaji wa kasi. Msaidizi wa milimani, kazi yake ikiisha siku hiyo, huliachia kundi na kuingia taratibu. Kiongozi anabaki kwenye watu 20 wa mbele, kwenye msukumano wa mabega, mpaka zimebaki kilomita 3, maana kwa kawaida kwenye hatua hizo anayeanguka au kupata pancha ndani ya kilomita 3 za mwisho hupewa muda wa kundi alilokuwa nalo. Akianguka kabla ya hapo, saa inamhesabia kila sekunde. Siku ya mbio dhidi ya saa, ambapo kila mtu huendesha peke yake na kupimwa muda, msaidizi huambiwa aende kwa utulivu, ahakikishe tu hapitwi na muda wa mwisho unaoruhusiwa. Kwake siku hiyo ni nusu mapumziko. Kwa kiongozi ni dakika 30 au 40 za mateso bila mtu wa kumkinga. Jumlisha siku hizo kwa wiki tatu, ndipo utaelewa kwa nini msaidizi anafika wiki ya mwisho na macho makavu huku viongozi wamezama mashavu.

Na hizo mbio dhidi ya saa zina ukatili wake kwa watu wepesi. Mlimani tunagawanya wati kwa kilo za mwili. Kwenye tambarare kinachopimwa ni wati zenyewe dhidi ya ukubwa wa mwili unaokata hewa. Wati 6 kwa kila kilo ni wati 360 kwa mtu wa kilo 60, lakini ni wati 420 kwa mtu wa kilo 70, na upana wa kifua haupungui kwa uwiano huo. Tofauti ya kilomita 2 tu kwa saa, mmoja akienda 47 na mwingine 49, kwa umbali wa kilomita 30 inazaa zaidi ya dakika moja na nusu. Hatua ngapi za milimani zinahitajika kuirudisha dakika moja na nusu? Mshindi wa hatua ya kawaida hupata nyongeza ya sekunde 10, wa pili 6, wa tatu 4. Hesabu mwenyewe.

Sepp Kuss ndiye mfano ambao kila mtu anautaja, na ni haki yake. Mmarekani huyu wa Durango, Colorado, alicheza mbio zote tatu kubwa mwaka 2023. Giro alimsaidia Primož Roglič, akashinda. Tour alimsaidia Jonas Vingegaard, akashinda. Vuelta akashinda yeye, Vingegaard wa pili kwa sekunde 17 na Roglič wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 8, wote watatu wa timu moja ya Jumbo-Visma. Hakuna timu nyingine iliyowahi kuchukua mbio zote tatu ndani ya mwaka mmoja.

Lakini fuatilia jinsi muda ulivyopatikana. Hatua ya 6, kuelekea kituo cha kutazamia nyota cha Javalambre, Kuss aliingia kwenye kundi lililotoroka, akashinda na kuwaacha viongozi wake mwenyewe karibu dakika tatu. Hatua ya 8 akavaa jezi nyekundu, ile ya anayeongoza Vuelta. Mbio dhidi ya saa za Valladolid, kilomita 25.8, wengi walitarajia zimvue jezi hiyo. Akaendesha vizuri kuliko walivyomdhania na kubaki nayo. Ikaja Angliru, hatua ya 17, ukuta ambao vipande vyake vinazidi asilimia 20. Roglič na Vingegaard wakaondoka, Kuss akabaki nyuma yao kwa sekunde chache, na jioni ile akiba yake kwa Vingegaard ilikuwa sekunde 8. Baada ya hapo timu ikasimama nyuma yake mpaka Madrid.

Ukiitoa ile hatua ya 6, siku nyingine 20 zikijumlishwa pamoja zinamweka nyuma ya Vingegaard. Hilo halimpunguzii Kuss heshima hata chembe. Kulinda uongozi kwa majuma mawili, dhidi ya washindi wawili wa mbio kubwa, na miguu ikiwa imeshapita Giro na Tour, ni kazi ya mtu mkubwa. Ila linatuonyesha njia aliyopita: aliruhusiwa kutoroka kwa sababu wapinzani waliwakodolea macho viongozi wawili na hawakumhesabu wa tatu, na watu wawili walioweza kumfikia walivaa jezi kama yake. Milango hiyo miwili haifunguki pamoja mara nyingi. Mwaka 2024 alirudi Vuelta kama bingwa mtetezi, wiki chache baada ya kushinda Vuelta a Burgos, mbio za siku tano. Safari hii kila alipoinua makalio kwenye tandiko alikuwa na mtu kwenye gurudumu lake. Alimaliza wa 14. Siku tano aliziweza vizuri. Siku ishirini na moja, akiwa ndiye anayelindwa na ndiye anayewindwa, ni jambo jingine.

Sasa mgeukie Chris Froome, ambaye sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kumtazama kwa jicho la nyumbani. Amezaliwa Nairobi mwaka 1985, na baiskeli ya mbio alifundishwa na David Kinjah kule Kikuyu. Vuelta ya 2011 alikwenda kama msaidizi wa Bradley Wiggins. Alipoteza muda akimvuta kiongozi wake, kisha akamaliza sekunde 13 tu nyuma ya Juan José Cobo. Mwaka 2019 Cobo alinyang'anywa ushindi kwa kosa la dawa na Froome akatambuliwa kuwa mshindi. Tour ya 2012 alikuwa wa pili nyuma ya Wiggins huyohuyo, kwa dakika 3 na sekunde 21, na pale La Toussuire ulimwengu wote uliona akichomoka kisha akirudi kumsubiri mkubwa wake. Kuanzia mwaka uliofuata akashinda Tour nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Froome na Kuss wanatofautiana wapi? Mlimani walikaribiana na ubora uleule. Tofauti ni mbio dhidi ya saa. Kwenye Tour hiyo ya 2012, mbio zote mbili ndefu dhidi ya saa, Froome alikuwa wa pili. Siku hizo hakuzifanya za kutupa dakika. Ndiyo dalili ninayoitafuta kwa msaidizi yeyote: simtazami anapovuta, namtazama siku ambayo hakuna anayemtazama.

Wengine niwapitie haraka. Tao Geoghegan Hart alikwenda Giro ya 2020 kumsaidia Geraint Thomas. Chupa ya maji ilidondoka barabarani siku ya tatu, Thomas akaikanyaga, akaanguka na kuvunjika nyonga, na kijana akashinda Giro kwa sekunde 39 dhidi ya Jai Hindley, naye msaidizi aliyekuja kwa ajili ya Wilco Kelderman. Hindley alirudi 2022 na kuishinda Giro akiwa kiongozi, ushahidi kwamba wapo wanaojifunza kazi. Mikel Landa alimaliza Tour ya 2017 nafasi ya nne, akikosa jukwaa kwa sekunde 1 huku akimsaidia Froome, na mpaka leo hana ushindi wa mbio kubwa. Saa imemwadhibu mara nyingi mno. Richie Porte saa aliiweza, ila alipoongoza timu Giro ya 2015 alipata pancha, akapokea gurudumu kutoka kwa Simon Clarke wa timu nyingine, na waamuzi wakampiga dakika 2. Kanuni haikubali msaada wa namna hiyo kutoka timu nyingine. Msaidizi akifanya kosa kama lile hakuna anayekumbuka. Alipanda jukwaani Tour ya 2020, wa tatu, akiwa na miaka 35.

Upepo wa ubavuni nao umeua ndoto nyingi. Watu wa pwani tunaujua: msimu wa kusi, mtu anayekwenda Pangani unampiga upande wa kushoto, unatoka baharini. Kwenye mbio, upepo ukija hivyo waendeshaji hujipanga mshazari, kila mmoja akijikinga kwa bega la mwenzake. Barabara inapojaa kutoka ukingo hadi ukingo, waliobaki hawana pa kujikinga. Wanapangana mstari mmoja pembezoni, kila mtu anakula upepo wake, mstari unakatika. Ndani ya dakika tano dakika nzima imekwenda. Msaidizi mwepesi akikatwa pale, basi, atafika jioni. Kiongozi akikatwa, mbio zake zimekwisha siku ya nne na mlima bado hajauona. Kujipanga mbele kabla upepo haujageuka ni ustadi wa miaka, na mpandaji wa kilo 60 anauogopa kwa sababu ya haki: wenzake wa kilo 80 wanamsukuma.

Chakula hakionekani kwenye televisheni lakini kinaamua wiki ya tatu. Siku hizi waendeshaji wa juu hula gramu 90 mpaka 120 za wanga kwa saa wakiwa juu ya baiskeli. Wali uliopikwa una kama gramu 28 za wanga katika kila gramu 100, kwa hiyo gramu 120 ni zaidi ya gramu 400 za wali, sahani iliyojaa, kila saa, kwa saa tano. Ndiyo maana wanatumia jeli na vinywaji, na ndiyo maana tumbo lazima lifundishwe kama miguu, kwa kupandisha kidogo kidogo miezi kadhaa. Msaidizi aliyeruka mlo mmoja anavuta dakika mbili pungufu. Kiongozi aliyeruka mlo anapoteza mbio, na pengine asipoteze leo, atapoteza kesho. Tena akivaa jezi ya uongozi, baada ya hatua anapitia jukwaani, kwa waandishi na kwenye kupimwa dawa, wakati wenzake wameshaoga na wanakula kwenye basi. Ucheleweshaji huo wa kila jioni ni usingizi na chakula vilivyokatwa.

Kwa hiyo timu yenye msaidizi wa namna hii ifanye nini? Kwanza isimpeleke mbio zote tatu kwa mwaka. Ichague moja, hasa Vuelta, ambayo huwa na miisho mingi ya mlimani, na mwaka ambao kilomita za mbio dhidi ya saa ni chache. Impe baiskeli ya mbio dhidi ya saa nyumbani kwake na ratiba ya kuiendesha mara mbili kwa wiki kuanzia Novemba, maana mkao ule unaumiza shingo na kiuno na hauzoeleki kwa mwezi. Impe mbio za wiki moja aongoze, na ndani yake asiruhusiwe kutupa hata sekunde kwenye hatua ya tambarare. Impe mtu mmoja mkubwa wa kilo 80 ambaye kazi yake ni kumbeba mbele siku za upepo, huyohuyo kila mbio, mpaka waelewane bila kusema. Na kocha wa garini amfundishe kuomba: msaidizi aliyezoea kutoa huona haya kuwaambia wenzake "vuteni", akisubiri waone wenyewe, na kilomita zinapita.

Kipimo kimoja mtu wa klabu anaweza kukifanya hapa kwetu. Aondoke Korogwe alfajiri kabla malori hayajachangamka, aende Mombo, apande mpaka Soni kwa nguvu zake zote, na muda uandikwe. Ateremke polepole, breki zisichemke, na kona zile baada ya mvua huwa na kokoto. Azunguke tambarare saa mbili nyingine huku akila, kisha apande tena, peke yake, bila gurudumu la kujificha. Muda wa pili ukizidi wa kwanza kwa dakika moja au mbili, mkabidhini mbio zijazo. Ukizidi kwa saba au nane, mwacheni avute. Klabu yoyote itamhitaji kwa kazi hiyo.